Pipa Si Ziwa

Pipa si ziwa. Mmelisikia neno hilo leo shuleni, mwalimu akimwambia mwenzenu aliyeongoza mtihani wa majaribio, na sasa mmenijia mbio kuuliza limetoka wapi. Mngemwuliza mtu mwingine angewapambia kidogo. Kwangu hakuna mapambo, maana fundi anayesemwa humo ndimi. Kaeni. Na wewe Bwire, acha kutafuna muwa ninapoongea. Methali hiyo ilianzia hapa hapa uani kwangu, na ilianza hivi.

Enzi hizo kisiwa chetu hakikuwa na zahanati wala daktari. Hospitali ilikuwa ng'ambo, na mtumbwi wa injini wa Magesa, mvuvi jirani yangu, ulichukua saa tatu kufika. Mwaka mmoja wanawake wawili walifia njiani. Mimi nilikuwa nimestaafu ufundi katika kiwanda cha pamba, na siku ya kuniaga nikapewa boti ya mbio iliyoachwa na meneja wa zamani, aliyekuwa akishindana nayo na wenzake kila Jumapili. Ilikuwa nyuma ya ghala, kuku wanatagia ndani. Nikasema hii ndiyo itakayowavusha wagonjwa wetu.

Nilihangaika nayo miezi minane. Niliipandisha juu ya magogo mawili, nikakwangua rangi, ubao uliooza nikaung'oa, nikaweka mvule. Injini niliifungua yote, kila kidude nikakiosha kwa petroli na kukipanga kwenye mkeka wa bibi yenu Nyanjura, ambao hakuupata tena. Ilipokuwa tayari nikafanya wanavyofanya mafundi wa injini za boti nyumbani. Nikaifunga kwenye nguzo, nikauchovya mguu wake, ule unaoingia ziwani, katika pipa la maji, nikaiwasha. Propela nilikuwa nimeivua ili isirushe maji.

Hapo ndipo nilipovimba kichwa. Kila jioni nilitega sikio, nikaibana kidogo skrubu ya petroli, na sauti ikazidi kuwa safi. Watu walikuja kusikiliza kama wanaokwenda ngomani. Lakini injini iliyo kwenye pipa haisukumi kitu. Petroli niliyoibakizia iliitosha kuimba, haikuitosha kubeba. Fundi yeyote analijua hilo, na mimi nililijua.

Magesa alinijia siku ya Jumatano.

"Fundi, tuishushe majini," akasema. "Tuipakie magunia ya mchanga, tufike nayo nusu ya njia, turudi."

"Itazinduliwa Jumamosi, diwani akiwepo. Bibi arusi haonyeshwi kabla ya siku yake."

"Bibi arusi habebi wagonjwa."

"Magesa, wewe kaa na mtumbwi wako. Hii nimeisikiliza miezi miwili, naijua kama ninavyomjua mke wangu."

Nyanjura alikuwa akichambua dagaa pembeni. Bila kuinua kichwa akasema, "Hata mimi hunijui." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, binti yangu Nyabise, huyu shangazi yenu, akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga akatoka chumbani amekunja uso, akasema mtoto amekingama tumboni, lazima mama apasuliwe. Magesa alikwisha kuwasha mtumbwi wake. Nikasema hapana, kwa boti yangu ni dakika arobaini tu. Nani angekataa? Hata Magesa alizima injini yake, akatusaidia kuishusha boti. Ilikuwa saa tatu.

Sitawadanganya, ilikwenda, tena ilikwenda vizuri. Tulikuwa wanne, mimi, Nyanjura, mkunga, na Nyabise juu ya godoro. Tulipofika katikati tukakutana na mawimbi, nikaongeza moto. Sauti ikawa kavu, moshi ukatoka, injini ikanyamaza. Kwa kunyimwa petroli, na mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa humo, pistoni zilikuwa zimeungua na kukamatana na silinda. Nikavuta kamba, haikusogea.

"Baba, tumefika?" Nyabise akauliza.

Nilichukua kasia letu moja nikaanza kupiga, na upepo ukatusukuma kule tusikotaka kwenda.

Magesa hakuwa ametulia. Baada ya saa moja aliondoka mwenyewe, kwa wasiwasi wake tu, akatutafuta mpaka saa nane alipotuona, akatuvuta kwa kamba. Hospitali tulifika saa kumi jioni. Mtumbwi wake ungetufikisha saa sita mchana. Nyabise alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Daktari alisema amefia tumboni, na si muda mrefu, labda saa mbili zilizopita. Hakuwa akinilaumu, kwa kuwa hakujua lolote. Hesabu niliipiga mwenyewe, nami naipiga mpaka leo.

Nyabise aliporudi nyumbani majirani walikuja kumpa pole. Wengine wakanigeukia mimi. "Ile injini ilikuwa nzima, Fundi, sote tuliisikia kwenye pipa. Ni kazi ya Mungu." Nami nikawa naitikia kwa kichwa. Maneno yale yalinipa nafuu, wajukuu zangu, na nafuu ile naionea haya.

"Msimsingizie Mungu," Nyabise akasema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, uliisikia ikiimba kwenye pipa. Pipa si ziwa."

Hakuna aliyemkanya. Nililia mbele za watu.

"Nilijua, mwanangu," nikamwambia. "Nilijua, lakini niliona uchungu kuitia mchanga boti niliyotoka kuipaka rangi."

Injini niliitengeneza tena. Safari hii sikuiwasha uani hata mara moja. Mwezi mzima mimi na Magesa tulishinda ziwani na magunia kumi, tukiipeleka kwenye mawimbi, nikiirekebisha huko huko, mpaka rangi yote ikakwaruzika. Baadaye ilivusha akina mama wengi, na hawakukwama. Nyabise hajaipanda tena. Akienda ng'ambo hupanda mtumbwi, nami sijathubutu kumwomba abadili.

Siku hizi nawasikia watu wakisema ni methali ya wahenga. Si ya wahenga hata kidogo. Ni ya mwanamke wa miaka ishirini na miwili, amelala kitandani, maziwa yamemjaa kifuani na hana wa kumnyonyesha, akimwambia baba yake ukweli ambao kijiji kizima kilikuwa kinamfichia: pipa si ziwa.