Nyota ya Sita ya Kanali Mundhir

Palikuwa na Zaimu mmoja, yaani kiongozi mkuu, Kanali Mundhir wa Jamhuri ya Wadi Zumurrud, aliyetaka kila Mwarabu wa dunia hii awe ndugu yake, na kila ndugu yake awe chini yake. Hapo kwenye "chini" ndipo palipoharibika.

Alikuja kwa redio. Alfajiri moja wimbo wa mfalme ulikatwa katikati, sauti ikanguruma: "Enyi watu, mmekuwa huru!" Mfalme alikuwa bafuni, inasemekana alivuka mpaka na taulo. Watu wakashangilia, wallahi, na walikuwa na haki. Kanali aliwafukuza Waingereza na kambi yao, akawagawia wakulima mashamba ya mabwana. Tatizo ni kwamba aliipenda ile redio. Kila Ijumaa, hotuba ya saa nne nzima, na ndani yake mambo mawili tu: umoja na foleni.

"Mapinduzi ni nidhamu!" alifoka. "Foleni ya mkate! Foleni ya kazi! Foleni ya paspoti! Foleni hairukwi, hata na mimi Zaimu wenu!"

Makofi. Mkate wake, bila shaka, uliletwa na gari.

Basi kila alipoungana na nchi jirani, bendera iliongezwa nyota. Marais wanabusiana mashavu uwanja wa ndege, ngoma zinalia, mabruk, mabruk. Miezi sita baadaye linazuka swali dogo: kati yetu, ya akhi, ndugu yangu, nani rais wa marais? Khalas, umoja umekwisha. Redio inatangaza kwamba ndugu wa jana ni msaliti wa leo, na nyota inafumuliwa.

Mshonaji wa nyota hizo alikuwa fundi Hamdun. Usimwone na tepu shingoni ukamdharau. Alikuwa na digrii ya sheria, daraja la kwanza, imetundikwa ukutani juu ya cherehani. Alikuwa mwaka wa tisa kwenye foleni ya ajira, namba elfu nne na kumi na sita. Wapwa wa Kanali hawakuwa na namba. Walikuwa na ofisi.

Kila nyota ilikuja na kikaratasi: "Ongeza nyota. Mundhir." Na kila nyota iliondoka na kikaratasi: "Toa nyota. Mundhir." Mara tano hivyo. Hamdun hakutupa hata kimoja. Mwanasheria, hata awe na njaa, hatupi karatasi yenye saini. Alivihifadhi vyote kwenye kopo la vifungo.

Nyota ya sita ilipofika, fundi alichoka. Badala ya cherehani akaipiga bandi, ile mishono mirefu ya kujaribishia nguo kabla mwenyewe hajaja kuivaa. Alijisemea, "Nitaifumua tu hii. Ya nini kujichoma vidole?"

Sikukuu ya Mapinduzi ikafika. Bendera juu, bendi inapiga, rais mgeni, mwenye nyota hiyo ya sita, ameketi anakunywa kahawa. Upepo ukavuma kidogo tu. Nyota ikachomoka, ikazunguka zunguka angani kama inayotafuta anwani, ikatua kwenye kikombe cha mgeni.

Mgeni akakitazama kikombe. "Hii ni salamu?" akauliza. Kabla sharubati haijaletwa, ndege yake ilikuwa mawinguni.

Saa saba mchana Hamdun alisimamishwa mbele ya Kanali, ukumbini, mawaziri safu mbili, kamba tayari mezani, mikrofoni zimewashwa. Taifa zima lilikuwa likisikiliza laivu. Miaka tisa sikuhudumiwa, akawaza, leo nahudumiwa mara moja.

"Wewe ndiye uliyeuvunja umoja wa Waarabu?"

"Kwa sindano moja, Mheshimiwa Zaimu."

Waziri mmoja akacheka, akajiona yuko peke yake, akakohoa.

"Utanyongwa, mbwa wewe!"

"Sawa, Mheshimiwa. Kwa sheria ipi?"

"Sheria ni mimi!"

"Hata mfalme alisema hivyo hivyo."

Kanali akaitazama mikrofoni. Alivumilia kuitwa kila jina, si hilo. "Karani, andika! Atakayeitoa nyota ya umoja kwenye bendera, atanyongwa. Haya, umeridhika?"

"Nzuri, lakini inavuja. Nina digrii, Mheshimiwa, niruhusu niizibe."

"Ziba!"

"Mhalifu atasema alitumwa."

"Basi anyongwe aliyetuma!"

"Na imeandikwa saa saba, nyota imeanguka saa nne. Wakili yeyote atapenyea hapo."

"Ianze tangu siku ya Mapinduzi! Upenyee wapi sasa?"

"Na mhalifu akiwa mkubwa?"

"Hata awe ndugu yangu wa tumbo moja! Hata awe nani!" Akapiga saini, akapiga muhuri, mawaziri wakapiga makofi. "Leteni kamba."

Hamdun akatoa kopo mfukoni, akalimimina mezani. Vifungo vikatawanyika. Vikabaki vikaratasi. Akavisogeza karibu na mikrofoni, akasoma kwa sauti ya kuita wagonjwa hospitali.

"Toa nyota. Mundhir. Toa nyota. Mundhir. Toa nyota..."

Alisoma vyote vitano vya kutoa. Waziri wa Habari alikuwa akiutafuta waya wa mikrofoni kwa kisigino, hakuupata. Mikahawani, nchi nzima, vikombe vilisimama midomoni.

"Wataka nini?" Kanali akanong'ona.

"Mimi? Sina ninachotaka, Mheshimiwa. Sheria imenishika, ninyongwe. Ila wa nyota tano yuko mbele yangu, mimi ni wa sita." Hamdun akaichukua kamba, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Tafadhali tangulia. Siruki foleni."