Neno la Esperance na Neno la Mwenyekiti

Wahenga waliposema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, hawakuwa na shida na wawindaji. Walikuwa wamechoshwa na watu wa aina moja: wale ambao mwenzao akichomwa humwambia ajikaze, si kitu hicho, lakini wao wakiguswa na ncha tu, mtaa mzima haulali. Watu hao hawajaisha duniani. Wengine wamevuka bahari, wamesoma wakabobea, wamevaa tai, na wamechaguliwa kuwa wenyeviti.

Germana alikuwa wakili mjini Louisville, mzaliwa wa Moshi, tena mhariri wa jarida la Chama cha Wanataaluma Waswahili, chenye matawi Louisville, Columbus na Buffalo. Kila mwezi jarida liliingia kwenye simu za wanachama likiwa na habari zao: nani kaapishwa kuwa wakili, sheria gani ya uhamiaji imebadilika, wapi kuna kongamano la kujuana na waajiri. Hata wasio wanachama walilisoma. Wakongo wa mtaa wa Newburg, waliofanya kazi maghalani na kutunza wazee, walirushiana kila toleo, maana humo sheria zilielezwa kwa lugha ya nyumbani.

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa Esperance, mama kutoka Bukavu, mtumishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja bibi aliyekuwa akimwogesha aliteleza bafuni. Esperance akamdaka kabla hajafika chini, akamkalisha kitini. Bibi alipona, ila mikono yake ilibaki na alama za vidole. Kwa ajili ya alama hizo Esperance akaitwa mbele ya afisa wa jimbo, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, akapewa mkalimani wa simu.

"Nilimukamata mikono na nguvu, juu alikuwa anaanguka," akaeleza.

Sasa sikiliza vizuri, maana balaa lote limo humo. Kwa watu wa Kivu, kukamata ni kushika tu. Mtu hukamata kijiko, hukamata basi, hukamata mtoto wake. Na "juu" kwao ni "kwa sababu". Lakini mkalimani alikuwa mtu wa Kiswahili cha vitabuni. Kwake kukamata ni kazi ya polisi, na juu ni kule darini. Akatafsiri kwamba mama huyu alimkamata bibi mikono, akaivuta juu kwa nguvu, bibi akawa anaanguka. Lo! Aliyeokoa akageuzwa aliyeangusha, na afisa akayaandika hayo kuwa ni maungamo.

Kibali cha Esperance cha kutunza wazee kikasimamishwa. Rufaa ikishindikana, jina lake lingewekwa miongoni mwa watesaji wa wagonjwa, na asingeajiriwa tena kumtunza mtu yeyote. Afisa alisema jambo moja tu lingeweza kusaidia: chombo cha wataalamu wa lugha kithibitishe maana ya maneno yale.

Germana, aliyekuwa ameichukua kesi ya Esperance, alifurahi aliposikia hivyo. Mwenyekiti wa chama chao, Daktari Dismas, alikuwa mhadhiri wa Kiswahili huko Columbus. Sahihi yake ingetosha. Akampigia simu huku moyo umetulia.

"Mdogo wangu Germana," Dismas akajibu, "kile si Kiswahili, ni mchanyato. Mimi niweke sahihi yangu chini ya 'nilimukamata'? Wenzangu watanicheka hadi wachoke."

"Hatukuombi ukisifu, Daktari. Useme maana yake tu. Maana yake si unaijua?"

"Naijua. Lakini tukianza kutetea lugha mbovu hatutaheshimiwa katika nchi hii. Mwambie ajikaze, ajifunze kusema. Neno moja tu hilo, mnalikuza la nini?"

"Neno hilo moja linamfukuza kazi!"

"Basi angelichagua vizuri."

Germana akakata simu na kutamka kwa Kichaga jambo lisiloandikika hapa. Kisha akaketi, akaandika habari ya Esperance kwa ajili ya jarida, akitumaini kwamba mtaalamu mwingine angejitokeza. Dismas, aliyepitia kila toleo kabla halijatoka, akaiondoa. Mahali pake akaweka picha yake mwenyewe akipeana mikono na wakubwa. Abdulkarim, katibu wa tawi la Buffalo, alipoulizwa, alisema Mwenyekiti ameshasema, yeye ni nani hata apinge. Wote walikuwa watu wazima wenye shahada zao, na wote wakanywea.

Siku ya rufaa Germana alieleza mpaka koo likamkauka. Afisa akamsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu kwamba yeye ni wakili wa mshtakiwa, hawezi kuwa pia shahidi wake. Rufaa ikatupwa. Esperance akaenda kufunga maboksi katika ghala moja kule Jeffersontown. Kilichomuuma hakikuwa kusimama kutwa nzima. Kilichomuuma ni kwamba watoto wake walipotafuta jina lake kwenye mtandao walilikuta limekaa pamoja na majina ya wapiga vikongwe.

Haukupita muda mrefu, Dismas akaalikwa Buffalo kuhutubia kongamano la mawakili na majaji. Alikuwa akinyemelea kiti katika baraza la ushauri la wahamiaji, kwa hiyo alijiandaa haswa. Akasema, kwa Kiingereza chake cha Tabora, kwamba mawakili wetu vijana wana njaa ya kufanya kazi. Video ilipotoka, wasemaji wengine wote waliachwa waseme, hata mzee mmoja wa milimani Kentucky aliyemeza nusu ya kila neno. Dismas peke yake ndiye aliyewekewa maandishi chini ya kidevu, kana kwamba hasikiki. Na maandishi yenyewe yalikosea. Kwa Kiingereza neno la njaa na neno la hasira yanakaribiana mno, hasa yakipita katika kinywa cha Mtanzania. Ikaandikwa kwamba mawakili wetu vijana wana hasira na kazi. Kiti cha baraza akapewa mwingine.

Ala! Mwenyekiti akawaka. Akaamuru toleo maalumu la jarida. Akaandaa tamko la kulaani udhalilishaji wa lafudhi za Waafrika, Abdulkarim akawa wa kwanza kutia sahihi, na wa Columbus wakafuata mbio. Lakini majina yalikuwa machache, na Dismas alijua watu wengi wako wapi. Akaendesha gari mwenyewe hadi Louisville, akaitisha mkutano Jumamosi katika ukumbi wa kanisa pale Newburg, akawaalika Wakongo wote.

"Ndugu zangu," akanguruma, "Kiingereza changu ni Kiingereza! Nani aliwapa ruhusa ya kukiita kibovu? Neno langu moja wamelipotosha, wameniharibia jina! Tukinyamaza leo, kesho ni nyinyi!"

Germana alikuwa ameketi nyuma. Akasimama. "Daktari, kesho yao ilikuwa jana. Toleo lako maalumu sitalihariri. Tafuta mwingine."

"Usilete ugomvi binafsi, Germana. Hili ni suala la jamii." Akamgeukia mama aliyekaa safu ya mbele, akamnyooshea kalamu na karatasi ya sahihi. "Mama, anza wewe. Jina lako nani?"

Hakumjua. Hakuwahi kumwona. Mama akaishika kalamu, akaitazama.

"Ni mimi Esperance," akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo wao ni bao. "Baba, donc, wewe ulisema njaa, bao bakaandika hasira?"

"Ndiyo, mama! Hivyo hivyo!"

"Na iliumia?"

"Sana! Silali!"

"Na mimi nilisema nilimukamata, bakaandika nilimuangusha. Nilikulomba useme neno moja tu. Ulisema nijikaze." Akaiweka kalamu juu ya meza. "Bon. Jikaze, baba."

Mmoja akainuka, akafuata mwingine, viti vikaanza kukwaruza sakafu. Germana alidhani Dismas ataona haya. Hata! Akaikunja karatasi yake, akapaza sauti kwa migongo ya watu waliokuwa wakitoka:

"Lakini hayo ni mambo mawili tofauti! Lake lilikuwa neno tu. Mimi nimedhalilishwa!"

Kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.