Mnyama wa Miguu Tele

Paukwa!

Pakawa.

Aa! Pakawa gani hiyo, imelala na njaa? Na nyie watu wazima muitikie, msijifanye mmekuja kusindikiza watoto. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado inatambaa, waliishi nguchiro katika kichuguu kimoja kikubwa. Mnawajua nguchiro? Vinyama vya miguu mifupi na kiwiliwili kirefu, pua mbele, mkia nyuma, kutulia hawajui. Wakilala, wanalala pamoja. Wakila, wanagombana. Wakigombana, wanapatana kabla mende hajamezwa.

Na walikuwa na desturi yao. Asubuhi wakubwa wanatoka kutafuta mende na jongoo. Watoto wanabaki kichuguuni, na mkubwa mmoja anabaki kuwalea. Wako, wangu, wa jirani, anawalea wote. Masika yakianza, watoto nao hufuatana na wakubwa porini. Na huko porini kuna nani? Kuna mbweha.

Basi palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Tunu. Msimu uliopita Bi Tunu alizaa watoto wazuri, wakatoka na mvua ya kwanza, mbweha akawachukua wote. Mama wa watu akarudi kichuguuni peke yake. Safari hii alijaliwa mmoja tu, binti, akamwita Kidawa. Bi Tunu akimtazama Kidawa anafurahi. Halafu anaogopa. Halafu anaogopa zaidi.

Akasema moyoni, "Huyu haliwi. Wallahi huyu haliwi."

Akamtafutia jiwe pembeni, mbali na wenzake, mbali na matope ya kidimbwini. Akamkalisha juu yake, tuli.

"Mbweha ana masikio gani?"

"Yaliyochongoka, mama."

"Ana mkia gani?"

"Wa manyoya mengi, mama."

"Akija, unafanya nini?"

"Nakimbia shimoni, mama."

"Tena!"

Asubuhi hivyo. Jioni hivyo. Kidawa akitaka kuuliza jambo, mama anasema, "Usinichanganye. Jibu kwanza." Kidawa akilia, mama anasema, "Mbweha hamwonei mtu huruma kwa kulia." Mtoto akajua majibu yote. Aliyajua hata akiamshwa usingizini. Bi Tunu akawa anatembea kifua mbele.

Mlezi msimu huo alikuwa Zuwena, wifi yake Bi Tunu, shangazi yake Kidawa. Zuwena huyo! Mnene, mcheshi, mchana kutwa ana matope mpaka kwenye kope. Mtoto akisema "chii," naye anasema "chii! Kumbe? Enhe?" Mtoto akianguka pu, anamwambia, "Umeumia, eeh? Umekasirika. Njoo hapa." Anamkumbatia, mtoto analia, anamaliza, anarudi kucheza. Watoto wawili wakigombea jongoo, hawanyang'anyi. Anawauliza, "Sasa tufanyeje, na jongoo ni mmoja?" Wanabishana wee, mwisho wanamgawana.

Siku moja Bi Tunu akashindwa kuvumilia.

"Wifi, hicho kitoto hata kusema hakijui. Unaongea nacho nini?"

"Ndiyo maana nakijibu, ili kijue, wifi yangu. Nisipokijibu, kitaona kusema kuna faida gani?"

"Mfyuu!" Bi Tunu akasonya. "Sisi tunalea, wewe unachezesha. Masika yanakuja, utaona."

"Nami nasubiri hayo hayo masika," akasema Zuwena, akajitupa kwenye matope, chubwi! Watoto wakacheka mpaka wakaanguka.

Mchezo waliokuwa wakiupenda kuliko yote ulikuwa Mnyama. Wanajikusanya wote, huyu anashika mkia wa yule, yule anamlalia huyu, wanakuwa donge moja kubwa. Halafu wanaimba. Mimi nitauliza, nyie mtaitikia, haya:

Mnyama gani huyo?

Mnyama wetu!

Ana miguu?

Tele!

Ana macho?

Tele!

Ana tumbo?

Ingia ndani!

Na donge linatembea, kwatu kwatu kwatu, linanguruma. Mara linapinda, mara linaporomoka, wa chini anapiga kelele, wa juu anaomba radhi, wanaanza upya. Kidawa anatazama kutoka kwenye jiwe lake. Miguu inamwasha. Mtoto mmoja mwenye mashavu, na jina lake kweli Mashavu, kila siku anamwita, "Njoo, Kidawa!" Kidawa anatikisa kichwa. Mama kakataza. Lakini midomo yake inaimba, polepole, mwenyewe hajui.

Masika yakaja.

Asubuhi hiyo wingu lilikuwa jeusi tititi. Wakubwa walikuwa wameshavuka kilima matone yakaanza, ta, ta, ta. Bi Tunu akakumbuka mvua ya msimu uliopita, akageuka kurudi kwa mwanawe. Alipofika kwenye kilima akaona majani yanachezacheza. Akaona masikio mawili yaliyochongoka.

Mbweha!

Alikuwa ameshafika kichuguuni. Tena mjanja, hakuwakimbilia watoto. Alienda akakaa mlangoni pa shimo, mkia kauzungusha miguuni, kama mgeni anayengoja chai.

Kidawa akasimama juu ya jiwe lake, peke yake. Akasema kwa sauti, vizuri kabisa, bila kukosea, "Mbweha. Masikio yamechongoka. Mkia wa manyoya mengi. Akija, nakimbia shimoni."

Akatazama shimo. Shimoni kuna mbweha.

Akasema tena, "Akija, nakimbia shimoni." "Akija, nakimbia shimoni. Akija..." Hakuna jibu lingine alilofundishwa. Mtoto akaanza kulia.

Mbweha akainuka, akajilamba.

Jamani, upepo ulimletea Bi Tunu kila neno kule kilimani. Alikimbia, lakini kilima kile kiko mbali na miguu ya nguchiro ni mifupi. Akajua hafiki. Akajua vilevile kwamba maneno yale aliyatia yeye kwenye kinywa cha mwanawe, na hayamsaidii chochote. Alilia huku anakimbia.

Kule chini Zuwena, aliyekuwa matopeni na watoto, akapaza sauti, wala haikuwa ya hofu. Ilikuwa ya mchezo.

"Mnyama gani huyo?"

"Mnyama wetu!" wakaitikia watoto, na hapo hapo, vup! Donge. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyeuliza ashike wapi. Zuwena akawa kichwa. Donge likaanza kutembea, kwatu kwatu kwatu. Na halikwenda kwa mbweha kwanza. Lilikwenda kwenye jiwe.

"Kidawa!" akaita Mashavu kutoka ubavuni. "Ingia tumboni!"

"Sijui!" akalia Kidawa.

"Hata mimi nilikuwa sijui! Ruka tu!"

Kidawa akamtazama mbweha. Akatazama lile donge la macho. Hapo hapakuwa na swali wala jibu. Akaruka. Pu! Akaangukia kwenye migongo, akazama katikati, joto huku, manyoya kule, mtu kamkanyaga sikio, mtu kamwambia samahani.

Sasa donge likageuka. Ana miguu?

Tele!

Ana macho?

Tele!

Likanguruma, grrrrr! Likavimba, likanywea, likavimba tena. Mbweha akasita. Alikuja kula vitoto, mbona kuna dude? Dude halijulikani mgongo uko wapi wala tumbo, lina meno pande zote, na katikati yake kuna kisauti kinaimba kuliko wote. Dude likapiga hatua. Mbweha akarudi hatua. Dude likapiga mbili. Mbweha akakumbuka ana shughuli nyingine kwao. Akakunja mkia, akatoka nduki! Hata nyuma hakutazama.

Bi Tunu alifika anahema, amelowa chapachapa. Akaingiza mikono kwenye donge, akamtoa mwanawe, ana matope kuanzia pua mpaka mkia. Akamkumbatia, akamlamba, akamlamba tena. Kidawa hakulia. Alikuwa na jambo.

"Mama, mbweha naye ameogopa! Nimemwona. Kwa nini ameogopa, na sisi wadogo?"

Bi Tunu akafungua kinywa ampe jibu la kukariri. Alitaka pia kusema usinichanganye, akayaacha yote mawili.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Wewe unaonaje?"

Kidawa akawaza. Akasema labda mbweha hajui kuhesabu. Akasema labda mbweha hana rafiki wa kumshika mkia. Akasema hili, akasema lile, na mama akakaa kwenye matope anamsikiliza, mvua inamnyeshea kichwani, wala hakumwambia anyamaze. Alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu msimu uliopita.

Halafu akamwendea Zuwena, akainamisha kichwa.

"Wifi, nilikutukana."

"Ulikuwa na hofu, wifi yangu," akasema Zuwena. "Nani asingeogopa? Ila mimi leo nimechoka, mgongo wote unauma. Kesho baki wewe ulee."

Watoto wakatazamana. Mashavu akasema kwa sauti, maana huyo hajui kunong'ona, "Lakini Bi Tunu hajui kucheza!"

Kidawa akamshika mama yake mkono.

"Hajui," akasema. "Tutamwingiza tumboni, tutamwonyesha."

Basi na nyie wazazi mliojificha nyuma ya watoto, nawaambia waziwazi: mtoto mdogo anajifunza akicheza na wenzake, akijibiwa anapoita, akikumbatiwa anapolia. Ukimweka pembeni umkaririshe, atajua maneno, lakini hatajua kuishi.

Hadithi yangu imefika, imekaa, imevua viatu. Aliyeipenda aibebe akawasimulie wa kwao.