Baraza la Bwana Kwezi

Kwezi alikuwa ndege mzuri kupindukia, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Adabu ilipogawiwa, yeye alikuwa mtoni anajitazama majini.

Asubuhi moja alitua kwenye kiota cha Bi Mnana, aliyekuwa ameatamia mayai.

"Toka! Nyumba hii nimeipenda."

"Karibu, bwana," akasema Mnana. "Ila nakuonea huruma. Humu ni chumba cha mzazi. Ukijifungia humu na manyoya hayo, nani atakuona? Wakubwa hukaa barazani, wapita njia wakawaamkia."

Kwezi akaugeukia mkia wake, akautazama kwa mahaba. "Baraza liko wapi?"

"Tawi lile, mbele ya mlango. Lakini usibanduke, bwana. Wenye wivu ni wengi."

Kwezi akahamia tawini, akavimba. Kila kulipokucha Mnana alimwinamia, "Shikamoo, bwana!" naye akaitikia marahaba kwa pua, kama mwenye mji.

Siku moja Kipanga, mla makinda, akashuka kwa kasi. Kwezi akadhani anakuja kumnyang'anya baraza. Alimdonoa, akamparura, akamfukuza kwa matusi mpaka ng'ambo ya mto. Kipanga hakurudi tena, na mayai yote yakaanguliwa salama.

"Huoni haya?" jirani yake, Bi Tetere, akamnong'oneza Mnana. "Kila siku unamwamkia mnyang'anyi!"

"Mnyang'anyi yupi?" akauliza Mnana, akiwalisha wanawe. "Yule ni mlinzi wangu."

"Mlinzi! Na unamlipa nini?"

"Shikamoo."