Siku Beberu Alipokwama Kwenye Chekeche

Paukwa?

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa maji!

Ya nani?

Ya wote!

Ya wote, mmesema wenyewe. Basi kaeni vizuri, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na Mungu akiwajibu papo hapo, palikuwa na bonde lenye kisima kimoja tu. Mbabe wa bonde hilo alikuwa Beberu. Akifika malishoni, hula yeye kwanza. Akifika kisimani, hunywa yeye kwanza. Akishakata kiu hutumbukia na kwato zake nne, akayavuruga maji mpaka yakawa tope, kisha huwaambia wenzake, "Karibuni, maji hayo."

Wenzake wakanywa tope. Wa mwisho siku zote alikuwa Bi Kondoo, mjane mwembamba, mbavu unaweza kuzihesabu. Alikuwa analea wanakondoo wawili yatima, si wake wa kuwazaa, na kila alichopata aliwagawia.

Siku moja Chiriku, mjumbe wa Mungu, akatua kisimani. Mnamjua Chiriku, maneno yake mbiombio. Akasema Mola amesikia kilio cha wanyonge, na baada ya siku tatu atakuja kuwachekecha, wema kando na waovu kando. Akaruka zake kabla hajaulizwa swali.

Beberu akacheka. Jikoni alikuwa hajaingia tangu azaliwe. Alichokijua ni uani tu, wanawake wanakopepeta, yeye akidokoa nafaka zao. Akawaeleza wenzake kwamba kuchekecha na kupepeta ni mamoja. Upepo ukija, makapi mepesi hupeperuka, punje nzito hubaki.

"Kwa hiyo mwema ni mzito," akasema, "na mzito ni mimi."

Siku ya kwanza akala fungu la Sungura. Siku ya pili akala fungu la Swala. Siku ya tatu akamsukuma Bi Kondoo kwa bega, akala fungu la wale yatima.

Bi Kondoo akaogopa, tena akaogopa kweli. Alijua upepo mdogo tu utamchukua. Swala akamshauri awanyime wale watoto walau siku hiyo moja, ale fungu lake peke yake, apate uzito. Bi Kondoo akawatazama watoto, nao wakamtazama.

"Kama ni makapi, na niwe makapi," akasema. "Lakini hawa hawatalala njaa mimi nikiona."

Siku ikafika. Upepo haukuvuma hata wa kutikisa jani. Ila bonde walilikuta limezibwa na ukuta wa fito zilizosukwa, una tundu moja tu, dogo. Ng'ambo ya pili majani mabichi, na maji yanachuruzika. Sauti ikatoka juu, ya upole, ikawaambia wapite.

Beberu akawa wa kwanza, kama kawaida yake. Akatia kichwa. Akatia mabega. Tumbo likagoma. Akasukuma, akasukuma, akasukuma, wapi!

Kuku, mzaliwa wa jikoni, akacheka mpaka akakaa chini. "Kwani mlidhani ni ungo? Hili ni chekeche. Kinachopita ndicho unga. Chenga zinazobaki juu hutupiwa mimi."

Beberu akajichomoa akitweta. Aliyefuata alikuwa Tembo, na machozi yalikuwa yanamlenga, maana kama Beberu ameshindwa, yeye je? Lakini Tembo ndiye aliyekuwa akiwachimbia wadogo maji kwa pembe zake, wakati wa ukame. Akatia mkonga. Tundu likapanuka, likapanuka, likapanuka, akapita mzima mzima, hata sikio halikuguswa.

Beberu akalalamika kwamba huo ni uonevu, mbona Tembo ni mkubwa kuliko yeye.

"Ukubwa wa Tembo nilimpa mimi," Sauti ikasema. "Hilo tumbo lako si lako. Ndani mna majani ya mjane na maji ya yatima."

Beberu akainamisha pembe. Akarudi kisimani kunywa tope alilolivuruga mwenyewe.

Wanyama wakapita mmoja mmoja, na Bi Kondoo akawa wa mwisho. Akawatanguliza yatima, kisha akafuata amefumba macho, bado anangoja upepo umpeperushe. Alipofumbua, alikuwa amesimama ndani ya maji masafi, yamemfika magotini. Wanyama wote walikuwa wamejipanga ukingoni, na hakuna aliyekunywa. Walikuwa wanamngoja yeye.

"Kunywa, Bi Kondoo," Tembo akamwambia. "Leo unaanza wewe."

Akanywa. Hakuwahi kuonja maji yasiyo na mchanga. Akalia kwa furaha, wala hakuona haya, na yatima wakamrukia mpaka wote watatu wakaanguka majini.

Basi wanangu, Mungu hamuulizi mtu ana uzito gani, humuuliza amekula cha nani. Ukishiba kwa kumlaza mwenzako njaa, shibe hiyo hiyo ndiyo itakayokuzuia mlangoni.

Hadithi yangu imefika, imepiga magoti. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi mwenyewe niimeze.