Kidari cha Mlima Mbaghai

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa, na hadithi yenyewe ni ya vifua. Mwenye haraka aende zake. Mwenye kisu kiunoni abaki, kwa sababu mwishoni nitakuja kwake.

Palikuwa na watu watatu Mbaghai, kila mmoja na kipaji chake. Nakiete alikuwa na macho. Si macho ya kuonea njia, hayo hata mbuzi anayo. Macho yake yalisoma mawe. Alisomea kazi hiyo chuoni, na akishika jiwe atakwambia limezaliwa wapi na limepitia nini. Nambike alikuwa na kumbukumbu. Ukimkosea leo, atakukumbusha siku ya harusi ya mjukuu wako, na atataja shati ulilovaa. Senzota naye alikuwa na nusu pumzi. Mtasema hicho si kipaji. Subirini.

Na palikuwa na Kajiru. Huyu hakuwa na kipaji ila kisu, kwa kuwa ukoo wake ndio uliopasua nyama za tambiko tangu zamani. Lakini mzigo wa hadithi hii umemwangukia yeye, kwa hiyo tutakaa karibu naye.

Kwanza mlima. Wazee walisema Mbaghai ulizeeka kabla ya milima mingine, maana ukipasua mwamba wake wa kijani unakuta mvi ndani: nyuzi nyeupe, laini, zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa. Nyuzi hizo ukizitia motoni haziungui. Wachungaji walizisokota utambi wa taa, mafuta yakaisha na utambi ukabaki. Nakiete alikuja kueleza kwamba mwamba ule ulipikwa chini kabisa, chini ya sakafu ya bahari ya kale ambayo sasa haipo, ukasukumwa juu taratibu nchi mbili zilipobanana. Maji yakaupenya ukiwa bado na joto, ukageuka kijani na kuteleza kama sabuni, ukapasuka, na ndani ya nyufa jiwe likaota nyuzi. Wazee walimsikiliza hadi mwisho, wakasema ni yaleyale waliyosema wao, yeye kaongeza bahari tu.

Kisha wakaja Wazungu. Mmoja aliona utambi usioungua, akauliza umetoka wapi, na kwa bahati mbaya akaelekezwa. Mlima ukatobolewa. Zikajengwa nyumba za wafanyakazi safu kwa safu, pakaitwa Kota. Wanaume wakaingia shimoni, wengine wakakaa kwenye mashine ya kusaga wakikung'uta magunia. Asbesto, ndivyo walivyoziita nyuzi zile, ikashuka kwa malori hadi stesheni, ikaenda kuezeka mapaa ya watu wasioijua Mbaghai na kufunika mabomba ya meli zao. Uhuru ukaja, mgodi ukabadilisha wenyewe, vumbi likabaki lilelile. Halafu huko ng'ambo wakatambua kwamba jiwe hilo linaua, wakaacha kulinunua. Wenye mgodi wakafunga, wakapanda magari, wakaondoka bila kumwambia mtu yeyote sababu. Hilo linanikera mpaka leo. Hata mtu anayekimbia nyoka humwambia mwenzake kuna nyoka.

Waliacha marundo ya sufi ya mawe nje ya shimo. Watoto waliteleza juu yake. Wanawake walijazia mito na magodoro, maana kule juu msufi hauoti, na cha bure hakina kasoro machoni pa maskini. Wengine wakaichanganya na udongo, wakakandikia jiko ili nyumba isishike moto. Watu wa Mbaghai walijivunia jiwe lao. Kijiji kizima kililala juu yake.

Sasa sikieni habari za kidari. Kabla ya mgodi, mlima ulikuwa na mlinzi. Alipochaguliwa, kondoo dume alichinjwa na kuchomwa, na kidari, yaani nyama ya kifuani pamoja na mafuta yake, kikapewa yeye peke yake. Kidari hakikatwi vipande, hakigawanywi, na huliwa kabla mafuta hayajaganda. Aliyekila, hakuna jiwe lililovunjwa Mbaghai bila neno lake mpaka siku ya kufa kwake. Mlinzi wa mwisho alifukuzwa na wenye mgodi. Tangu hapo watu walichinja kondoo wakala tu, na kidari kikaingia sufuriani pamoja na utumbo. Baba yake Kajiru alikuwa akitazama pembeni kila alipokikata.

Miaka ikapita, shimo likaota nyasi. Ndipo akaja bwana mmoja wa kampuni, amevaa helmeti nyeupe ingawa hapakuwa na kitu cha kumwangukia. Mkutano ukaitishwa uwanja wa shule. Alisema hawatagusa shimo la zamani. Wao wanataka jiwe jeupe lililo mgongoni mwa mlima, la kutengenezea poda na rangi. Watajenga zahanati, watachonga barabara, vijana watapata kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walipiga makofi, na Kajiru alipiga kuliko wote, kwa sababu mwanawe Elibariki alikwisha ahidiwa kuendesha buldoza.

Nakiete ndiye aliyesimama kwanza. Tetesi zilikuwa zimemfikia mjini anakoishi, akaja, akapanda mgongo wa mlima asubuhi ile, akarudi na bonge la hilo jiwe jeupe. Akaomba ndoo ya maji, akalizamisha, akalivunja humohumo majini kwa nyundo, maana vumbi lake halichezewi. Kisha akavuta kitu kwa ncha za vidole, akakiinua. Kilikuwa uzi. Akaomba kiberiti, na uzi haukuungua.

"Mlima huu hauna mgongo wala uso," alisema. "Ni mwamba mmoja, na mvi zake zimeenea mwili mzima. Anayechimba poda hapa anachimba asbesto, atake asitake."

Bwana wa helmeti akafungua mkoba wake, akapekua karatasi. Lakini watu hawakushtuka. Mzee mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, kwani ubaya wake uko wapi? Uzi huo wanaujua, wameuwashia taa, wameulalia, na wako hai. Wengi wakamuunga mkono. Nakiete alianza kueleza mapafu, akaeleza vizuri, ila aliyasema kwa maneno ya chuo, na watu wakaanza kukung'uta nguo wakitaka kuondoka. Kajiru alishasimama.

Ndipo Nambike akasema, "Kaeni. Nawajibu mimi."

Alianzia nyumba ya kwanza ya Kota, akaenda mlango kwa mlango kwa kumbukumbu yake, na kila mlango alitaja aliyetoka ndani ya jeneza. Huyu mlisema amelogwa na mkwewe. Huyu mlisema ni tumbaku. Huyu mlisema TB, akanywa dawa hadi akawa wa njano, na haikuwa TB. Mnakumbuka alivyokuwa akilala ameketi? Na huyu wa mlango unaofuata? Watu wakaanza kujibu wenyewe, kwanza kwa kunong'ona: naye aliketi. Naye. Naye. Vifo walivyokuwa wamevizika kimoja kimoja, kila kimoja na sababu yake, sasa vilisimama uwanjani pamoja.

Alipofika mlango wake mwenyewe hakuuruka. Mumewe alikuwa wa shimoni, huyo walimjua. Lakini binti yake, naye marehemu, hakuwahi kukanyaga mgodini. "Nilifua nguo za baba yake zikiwa nyeupe kwa vumbi, naye akinichezea miguuni," alisema Nambike. "Mto aliolalia niliujaza mimi, kwa mkono huu, nikachagua sufi iliyo laini kuliko zote. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa niulizeni tena ubaya wake uko wapi."

Kajiru aliketi chini polepole. Mlango wa nne kutoka mwisho ulikuwa wa baba yake. Mikono ilipohesabiwa, kijiji kizima kilikataa. Bwana wa helmeti akafunga mkoba wake, akasema bila hasira kwamba anaheshimu hisia zao, ila kibali kimetoka juu, na kesho buldoza linapanda.

Na sasa ile nusu pumzi. Senzota alikuwa mkung'uta magunia enzi za ujana wake, na alikuwa amebakiwa na pumzi ya kutoka kitandani hadi mlangoni. Hakufika mkutanoni, alihadithiwa. Kulipopambazuka alichukua kigoda chake akaanza kupanda. Alikwenda hatua chache, akaketi juu ya kigoda mpaka dunia itulie, akainuka tena. Mabibi waliokuwa wakienda kisimani walimsihi arudi. Aliwaambia wachote maji yao. Jua lilipokuwa limekaza, akafika pale njia inapobanwa na mwamba huku na bonde kule, akakita kigoda katikati, akakalia.

Buldoza likaja. Aliyekuwa juu yake ni Elibariki, mwana wa Kajiru, na bwana wa helmeti nyuma yake katika gari. Bwana akashuka, akambembeleza mzee, akamwahidi hospitali kubwa mjini. Senzota alijibu kwa vipande, maana sentensi nzima ilikuwa haimtoshi pumzi.

"Nusu ya kwanza mlikwenda nayo. Hii iliyobaki... siiuzi."

Bwana akaamuru abebwe. Hapo Elibariki akaruka chini ili ambebe kwa upole, yeye aliyekuwa akimwita babu tangu utotoni. Alipomkumbatia kumnyanyua, sikio lake likalala kifuani mwa mzee. Alibaki hivyohivyo, ameinama. Mkwaruzo wa pumzi aliousikia ndani mle alikuwa amewahi kuusikia kupitia ukuta akiwa mtoto, chumba cha pili, alikokuwa akilala babu yake mzaa baba. Akamrudisha Senzota kigodani taratibu, akazima mtambo, akatoa ufunguo akautupa bondeni. Watu wa Mbaghai, ambao jana walikuwa wamejua walichokuwa wakikilalia, walikuwa wakipanda kumfuata mzee wao. Wakaketi nyuma yake hadi njia ikajaa. Hawakutoka hapo mpaka wakubwa wa serikali walipokuja wenyewe, wakapima lile jiwe, wakafuta kibali, na mnyororo ukafungwa njiani.

Kwa hiyo mnaona. Bila macho ya Nakiete, wangechimba poda. Bila kumbukumbu ya Nambike, uzi ungebaki uzi tu. Bila nusu pumzi ya Senzota, buldoza lingepita juu ya ukweli wote huo na kuendelea na safari.

Kondoo dume akachinjwa. Kajiru alimpasua kama alivyofundishwa, na alipofika kifuani hakutazama pembeni. Kidari kikachomwa, kikaletwa juu ya jani la mgomba, mafuta yakichuruzika. Kwa mara ya kwanza tangu mlinzi yule afukuzwe, kidari kilitafuta mwenyewe. Mtu mmoja akasema apewe Elibariki. Kajiru akamkatiza hapohapo, akasema mwanawe aliacha kutenda ubaya, na kwa hilo atapewa ugali.

Nilidhani watatu wale watasukumiana, apewe mwenzangu, hapana apewe mwenzangu, kama ilivyo adabu yetu. Hawakufanya hivyo. Walikuwa wamechoka na adabu.

"Nipe mimi," alisema Nakiete. "Watarudi, na watarudi na wataalamu. Nani mwingine hapa atawajibu kwa lugha yao?" Watu wakaguna. Ni kweli, lakini binti huyu anaishi mjini na huonekana Krismasi. Wakija mwezi wa nne watamkuta nani?

"Nipe mimi," alisema Nambike. "Mlima huu ni kaburi, na kaburi hulindwa na aliyezika." Watu wakaguna tena. Ni kweli, lakini aliolewa tu hapa, si wa mlima huu. Tena shangazi mmoja akasema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kwamba mito ya nyumba nyingine pia aliishona yeye. Nambike akamwambia ni kweli, na ndiyo sababu hatasinzia.

Senzota alisubiri pumzi. "Nipe mimi. Mlima uko... humu ndani." Akajigonga kifuani. Watu hawakuguna. Walitazama chini, kwa kuwa kila mmoja alijua mzee huyo haoni masika yajayo, na akifa, mlima utabaki bila mlinzi. Naye aliyasoma macho yao, akacheka hadi akakohoa. "Ndiyo. Mpeni mfu mtarajiwa. Mtu asiye na kesho... watamhonga nini?"

Kajiru akasimama katikati, jani mkononi. Alimtazama Nakiete, akaona ndoo ya maji. Alimtazama Nambike, akaona mlango wa baba yake. Alimtazama Senzota, akaona sikio la mwanawe. Mafuta yalianza kufanya utando kingoni. Na huko chini, pale barabara inapokunja, vumbi lilikuwa likipanda. Gari lingine, si la wale wa kwanza. Mlimani vumbi la namna hiyo wanalijua: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wageni wale wakifika watauliza swali moja, mlima huu mwenyewe ni nani, na ni lazima mtu mmoja ainuke na kujibu, mafuta ya kidari yakiwa bado midomoni mwake.

Msiniambie kigawanywe. Nimekwisha sema hakigawanywi. Wala msiniambie warushiane shilingi, hatuchezi kamari na mlima.

Wewe uliyebaki na kisu kiunoni, nimekuja kwako kama nilivyosema. Shika hili jani, bado lina joto kidogo. Gari hilo linaingia kona ya mwisho. Haya, unamkabidhi nani?