Buabua wa Mtondooni

"Kilichokuleta usikikanyage." Maneno hayo aliambiwa bwana harusi na shangazi wa bibi harusi mbele ya watu, na wazee wote wakaitikia. Vijana waliokuwa uani wakichambua mchele walitazamana. Ndoa na kukanyaga, wapi na wapi? Wakamgeukia Bi Time, mkubwa wao pale uani. Naye akawaambia mikono isisimame, masikio yafunguke, kwani chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Kule Mtondooni alikuwapo mwanamke aitwaye Mwanasiti Haji, mwenye boti ya kupeleka wageni kutazama ndege. Mbele ya kijiji kuna fungu la mchanga katikati ya maji, na kila mwaka, msimu ukifika, ndege weupe waitwao buabua hushuka hapo makundi kwa makundi kutaga. Buabua hajengi kiota. Hutaga juu ya mchanga mtupu, na yai lake lina rangi ya mchanga wenyewe. Wageni walitoka mbali kuwaona, na Mtondooni nzima ikala kwa ndege hao: wenye boti, wenye vyumba, hata wakaanga samaki.

Mwanasiti alikuwa na sharti moja, nalo lilikuwa limemkausha koo. "Hatushuki. Tunatazama kutoka botini." Alilisema ufukweni, akalirudia njiani, akalirudia tena wakifika. Na kila safari hakukosekana wa kusema, "Mimi nitashuka kidogo tu." Kidogo tu! Neno hilo lilimchosha kuliko mawimbi. Tena shemeji yake Kheri, mwenye boti pia, aliwashusha wa kwake wapige picha, na walipogombana alimjibu, "Mgeni hakatazwi, shemeji. Utawafukuza."

Siku moja Mwanasiti akampakia Lusekelo, fundi cherehani kutoka Mbeya, pamoja na mkewe Sekela. Lusekelo alikuwa mtu mpole, mwenye bashasha. Picha ya buabua aliikata kwenye kalenda, akaibandika ukutani mbele ya cherehani yake, akaitazama miaka mingi akishona, hata akafunga safari. Njia nzima aliuliza maswali mazuri. Mwanasiti akajisemea moyoni, leo nimepata mtu.

Wakafika. Ndege walikuwa wametanda fungu zima. Mwanasiti hajatia hata nanga, Lusekelo keshajitosa, maji ya magoti, simu juu.

"Kaka, rudi botini!"

"Mara moja tu, dada. Mbona jana wenzetu walishuka?"

"Walishushwa na asiyejali! Rudi, nakuomba!"

"Nawapenda mno hawa. Siwezi kuwadhuru," akasema, akapanda mchangani.

Ndege wakaruka kwa mkupuo mmoja, juu kukawa kweupe. Lusekelo akakimbia chini yao, uso kautazamisha mbinguni, akicheka kwa furaha. Chini hakuangalia hata mara moja. Sekela ndiye aliyezisikia kwanza zile sauti ndogo za kupasuka, moja baada ya nyingine.

"Baba Neema, miguu yako!"

Akasimama, akainua mguu. Kandambili ilikuwa imelowa ute, na katikati ya ute kinda asiye na manyoya.

Hapo uvumilivu wa Mwanasiti ukamwishia. "Umetoka Mbeya kuja kuona nini?"

"Ndege," akajibu kwa sauti ya chini.

"Na umekanyaga nini?"

Lusekelo akainamia kandambili yake.

"Basi kilichokuleta usikikanyage! Nikisema kwa upole hamsikii. Nikisema kwa ukali mnanuna. Niambieni basi niseme kwa lugha gani!"

Lusekelo akarudi botini, Mwanasiti akaisogeza mbali, wakangoja ndege watue. Hawakutua. Walikuwa wamevurugwa siku nyingi na watu wa Kheri, na hiyo ikawa ya kumaliza. Walizunguka wakilia, na jua likayapika mayai yaliyosalia.

"Watarudi lini?" Lusekelo aliuliza, macho yamemjaa machozi.

"Wewe umewaona," Mwanasiti akasema. "Wa kesho ataona mchanga."

Na kweli, buabua walihama. Wageni wakafika, wakakuta fungu tupu, wakaondoka bila kulala. Vyumba vikafungwa. Boti ya Kheri ikakaa juu pwani mpaka mbao zikaanza kuachana. Ndipo siku moja Kheri alipomfuata shemeji yake bila maneno mengi, wakapigilia nguzo na kamba kulizunguka fungu lote. Misimu ikapita, ndege wachache wakarudi, kisha wengine.

Wageni walipoanza kuja tena, Mwanasiti alimsikia Kheri akifoka kutoka boti ya pili, "Wewe mwenye fulana nyekundu, kaa chini! Kilichokuleta usikikanyage!"

Mwanasiti akasonya. "Nilipokuwa nikisema mimi, alikuwa wapi?"

Bi Time akapuliza makapi kwenye ungo. "Yule bwana harusi," akasema, "kilichomleta hapa ni kicheko cha binti yetu; mtaa mzima tunajua. Ndiyo maana ameambiwa mapema: kilichokuleta usikikanyage."